Wakaguzi wapya wa majengo: waanzie kwenye nondo, si ukumbini

Mkuu, umeuliza halmashauri ya jiji iwafundishe vipi wakaguzi wapya wa majengo, wengi wao ndiyo kwanza wametoka chuo. Semina ya siku mbili haitawafikisha mbali. Mkaguzi huiva saiti, kabla zege halijamwagwa, kwa sababu likishafunika nondo hakuna jicho litakaloona kilichomo.

Mpe mchoro, futi kamba na mizani, kisha asihame nguzo moja mpaka aimalize: idadi ya nondo, unene, nafasi kati ya ringi (nondo nyembamba zinazozungushwa kufunga nondo kuu), urefu wa kupishanisha kwenye maungio. Ringi hukosekana zaidi pale nguzo inapokutana na bimu. Mahali penyewe ni pa kubanana, fundi anaona tabu kuzipenyeza, anaziruka. Nondo ya milimita 12 ikatwe kipande cha mita moja kipimwe. Kinatakiwa kukaribia gramu 888. Kikija 780, hiyo ni milimita 12 kwa jina la dukani tu, nyembamba kuliko inavyodaiwa. Aangalie na biskuti za zege, vile vipande vidogo vinavyoinua nondo kutoka kwenye mbao: nondo ikilala moja kwa moja juu ya mbao, haipati zege la kuifunika chini, kutu inaanza mapema, na Dar au Mombasa chumvi ya bahari inaiharakisha.

Kipimo cha ulaini wa zege wengi wanakijua: koni ya sentimita 30, tabaka tatu, kila tabaka lichomwe kwa fimbo mara 25. Wasichofundishwa ni kukaa hadi mwisho. Maji huongezwa baada ya kipimo, mkaguzi akishaondoka, ili zege liteleze vizuri na vibarua wamalize haraka. Vilevile mchanganyiko wa kujazia maboksi ya sampuli (milimita 150 kila upande) auchague yeye na ayatie alama yake, la sivyo atatengenezewa sampuli za maonyesho. Sampuli hizo zikivunjwa maabara, majibu ya siku 7 yakiwa chini sana ya theluthi mbili ya nguvu inayotakiwa siku ya 28, ghorofa inayofuata isubiri.

Nyundo ya Schmidt, kifaa cha kugonga zege lililokwisha kukauka, isiwaleweshe. Inapima ugumu wa uso tu, na zege kuukuu hutoa namba nzuri kuliko hali yake.

Kujua nani ameiva, badala ya mtihani wa karatasi peleka wawili saiti moja, kila mmoja akague peke yake. Kasoro aliyoiona mmoja akaikosa mwenzake ndiyo somo la wiki inayofuata.

Ila ujuzi bila meno ni bure. Jengo la mtaa wa Indira Gandhi, Dar, lililoporomoka Machi 29, 2013 na kuua watu zaidi ya 30, lilikuwa limepanda kupita ghorofa zilizoruhusiwa. Kuhesabu ghorofa hakuhitaji digrii. Kwa hiyo zege lisimwagwe bila sahihi ya mkaguzi kwenye fomu, na bosi anayetaka kutengua zuio la mkaguzi aandike sababu na jina lake kwenye fomu hiyohiyo.