Ofa mbili mkononi, mtoto nyumbani: ya kuuliza kabla hujasaini

Wadogo zangu mnaohamia Dodoma na watoto, hongereni kwa kupata ofa ya kazi zaidi ya moja. Wengi huzipanga kwa mshahara, mkubwa juu. Mimi nasema zipangeni kwa swali hili: saa mtoto anapotoka shule, au dada wa kazi anapotaka kwenda kwao, wewe utakuwa wapi?

Ukipanga nyumba Nkuhungu na ofisi iko Mji wa Serikali Mtumba, kila siku unakatiza mji mzima, kisha unaanza kama kilomita 17 za barabara ya Dar es Salaam. Mwenzako mwenye kazi hiyohiyo anayekaa Nzuguni au Ihumwa anafika nyumbani wewe ukiwa bado kwenye daladala. Kwa hiyo jua kwanza utapanga wapi na mtoto atasoma upande gani wa mji.

Mshahara nao usome hadi chini. Barua ikisema milioni moja, NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, ikikata asilimia 10 ni 100,000. Kodi inachukua kama 103,000. Kama ulisoma kwa mkopo, bodi ya mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 150,000. Benki inaingia 647,000, na hapo hujamlipa dada wala basi la shule. Ofa ya laki tisa yenye bima ya familia nzima inaweza kuizidi hiyo.

Mtego mkubwa uko kwenye kazi za miradi. Posho za kulala Kondoa, Chemba au Mpwapwa zinatamanisha, nani asiyezitaka? Ila ukimuuliza bosi kama safari ni nyingi, atakujibu ni za kawaida tu. Siku ya usaili mtafute dereva, umuulize wiki iliyopita walilala nje siku ngapi. Dereva hana sababu ya kukupambia. Mlinzi wa getini naye anajua watu hutoka saa ngapi, hata mkataba useme vingine.

Mnaonyonyesha, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inawapa hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto ndani ya muda wa kazi. Mtoto akiwa mbali, saa hizo zinaishia barabarani, basi omba uziunganishe mwishoni mwa siku utoke mapema. Liseme hilo ukishapewa ofa na kabla ya kusaini, halafu msikilize afisa utumishi anavyolipokea. Akianza kuguna, umeshajua utakavyopokelewa siku mtoto akiamka na homa.

Ukihitaji muda wa kufikiri, omba kwa maandishi. Usiache kazi uliyonayo kabla ya kushika barua yenye sahihi, na tarehe ya kuanza ihesabu vizuri: anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi isiyopungua siku 28. Ile unayoikataa, piga simu mapema. Maafisa utumishi wa hapa wanafahamiana.