Mnaoanza risechi ya mbegu, ulizeni kwanza mbegu imetoka wapi

Wadogo zangu mnaoingia masters ya mbegu mwaka huu, iwe SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) au chuo kingine, kuna kitu naomba mkishike mapema kabla hata hamjaanza kukimbizana na supavaiza kuhusu proposo. Mbegu inayofika labu imeshapitia mengi. Imevunwa lini, ilianikwa kwenye turubai au chini kwenye udongo, ilipigwa kwa fimbo au ilipukuchuliwa kwa mkono, halafu ikakaa wapi na kwa muda gani. Wengi wanapokea mfuko, wanaandika jina la aina na tarehe basi, baadaye wanapata asilimia za uotaji ambazo wenyewe hawawezi kuzielezea.

Chukueni mgagani. Mbegu iliyotoka shambani juzi haioti vizuri, imelala, inataka ikae kavu miezi kadhaa ndo iamke. Halafu mwanga unaizuia kuota, yaani weka petri dishi mbili kwenye inkubeta moja, moja ifunge na foili nyingine iache kwenye taa, utakuja kukuta ile ya gizani imejaa vimizizi vyeupe na ya kwenye mwanga vipunje vingi viko vilevile vyeusi. Sasa asiyejua ataandika mbegu zimekufa, na majibu hayo yakimfikia mama anayeishi kwa kuzalisha mbegu za mboga anaambiwa mzigo wake mbovu, kumbe mbegu ni nzima kabisa. Hilo linaniuma kweli.

Kwa hiyo siku ya mwisho ya kuhesabu zilizoota msimwage zilizobaki. Bonyeza moja moja na koleo. Ikipasuka ikatoa uji, imeoza hiyo. Ikiwa ngumu vilevile kama ilivyoingia ujue haijanywa maji kabisa, ganda limezuia, mtakutana nazo sana kwenye jamii ya kunde, ikwangue kidogo uirudishe kwenye unyevu uone. Ile iliyovimba iko imara ila haijachomoza ndo ya kupima na tetrazoliamu: seli zilizo hai zinapumua na vimeng'enya vyake vinaigeuza ile dawa isiyo na rangi kuwa nyekundu, ukipasua ukakuta kiinitete kimebaki cheupe hapo hakuna uhai. Dawa yenyewe itunzeni gizani maana mwanga unaiharibu.

Kuhesabu nako kuna utaratibu, mbegu 400 kwa marudio manne ya mia mia, mahindi siku ya 4 na ya 7, maharage siku ya 5 na ya 9. Na sio kila kilichochomoza kinahesabiwa, mche uliotoa jani bila mzizi wa maana shambani hautafika popote, usiuweke kundi moja na wenzake ili asilimia ionekane nzuri.

Unyevu wa mbegu pimeni kabla ya yote. Kwa mbegu nyingi ndogo oveni inakaa nyuzi 103 kwa masaa 17, ndo maana watu wanaingiza jioni wanatoa asubuhi, na umeme ukikatika usiku usikadirie, anza upya na sampo nyingine. Msione kama kazi ya kuchosha. Mtafiti wa mbegu Harrington alitoa kanuni ya makadirio kwamba kila unyevu ukishuka kwa asilimia 1 umri wa mbegu unaongezeka kama mara mbili, na joto la stoo likishuka nyuzi 5 vivyo hivyo, ila inafaa kwa unyevu wa kati ya asilimia 5 na 14 hivi. Mkulima asiye na friji bado ana jua na chombo kisichopitisha hewa, hapo utafiti wenu unamsaidia moja kwa moja.

Basi mkienda kuchukua sampo kaeni na mwenye mbegu mumuulize taratibu, mkiweza mfike hadi anapohifadhi. Lebo andikeni kwa penseli, moja ndani ya mfuko na nyingine nje, wino ukilowa unafutika na loti, yaani fungu hilo la mbegu, haijulikani tena ni ya nani.