Muulize Mwalimu: Mwanangu kamwambia mjomba wake aache uchawa

Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 37, naishi Tanga. Mwanangu wa kwanza yuko kidato cha pili. Juzi kwenye hitima ya bibi yetu, kaka yangu alikuwa anamsifia diwani, kijana akaropoka mbele ya watu: "Anko, acha uchawa." Wenzake wakacheka. Kaka yangu akaacha sahani ya pilau, akaondoka. Nimemnyang'anya mtoto simu, maana maneno haya anayatoa TikTok. Mitandao haiwaharibii watoto Kiswahili?
Mama Watatu, Tanga

Marahaba, mwanangu. Poleni na msiba.

Kiswahili cha kijana wako hakina kasoro. Kamchukua chawa, mdudu anayekaa kichwani mwa mtu akimnyonya, kampachika u-, kapata tabia, kama uvivu au uchoyo. Darasani ningempa vema. Kosa lake liko kwingine. Mtaani chawa ni mtu anayemganda msanii au mkubwa, akimsifia ili ale kwake. Lilikuwa tusi, lakini siku hizi wapo wanaojiita chawa wenyewe, tena kwa fahari. Mwanao anawaona kwenye simu wakiitwa hivyo na kuchekelea, akadhani neno limeng'oka meno. Kwa mjomba wake bado ni uchafu wa kichwani.

Maneno ya mtaani ya zamani yalisafiri na watu. Shule zikifunguliwa, mwanafunzi aliyekwenda Dar likizo alirudi na viatu vipya na neno jipya, na kwa uso wake tu ulijua linasemwa kwa nani na wapi linafichwa. Hata "chakachua" tulijua lilikotoka: kwa waliokuwa wakichanganya dizeli na mafuta ya taa. Uchaguzi wa 2010 ukalihamishia kwenye kura, na mpaka leo halijaondoka. Sasa neno linaingia Dar na Tanga jioni moja, na hakuna aliyelibeba wa kumuuliza.

Halafu wewe, Mama Watatu. Kwa hesabu yangu, 2010 ulikuwa na miaka kama 22. Hukuwahi kumwandikia mtu "xaxa mambo vp, ucjali"? Hiyo "ucjali" naielewa, meseji moja ilikuwa herufi 160 na salio halikutosha. Lakini "sasa" ina herufi nne, na "xaxa" ina nne vilevile! Ulikuwa urembo mtupu, kama hina. Nilizikata x hizo kwenye insha mpaka wino mwekundu ukaniishia, nikiamini Kiswahili kimekwisha. Leo nimeisoma barua yako mara mbili, sijaona hata moja.

Kwa hiyo simu mrudishie. Jioni mkikaa, muulize wiki hii wanasemaje, na neno hilo nani haambiwi. Hapo pa pili usipaache, maana simu haimfundishi. Atakucheka kwanza, mvumilie.

Ila kabla ya simu, aende kwa mjomba wake akamwombe radhi. Kwetu mjomba si mtani. Aende kwa miguu, asimtumie ujumbe wa sauti. Na mfungashie pilau, lile la hitima mwenzenu hakulimaliza.