Je, vidonge vya vitamini E vinazuia usahaulifu wa uzeeni?

Ndugu, umeuliza kama mama yako mwenye miaka 70, aliyeanza kusahausahau, anunuliwe vidonge vya vitamini E au inatosha ale mboga na matunda. Ningeanza na chakula.

Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni, na kwa kuwa una mafuta mengi yanayooksidishwa kwa urahisi, radikali huru (chembe zinazoharibu seli) zinazotoka kwenye mitokondria (sehemu za seli zinazozalisha nishati) huudhuru zaidi kadiri kinga za seli zinavyodhoofika kwa umri. Vitamini E na rangi za baadhi ya matunda husaidia kuzizuia radikali hizo. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Boston, waliwalisha panya wazee chakula chenye buluberi (tunda dogo la rangi ya bluu), stroberi au spinachi kwa wiki 8, na baadhi ya upungufu wao wa kumbukumbu ukarekebika. Rangi ya buluberi ni ya jamii moja na ile ya zambarau zetu, ingawa panya si mama yako.

Kuhusu vidonge, utafiti wa Marekani uliohusisha wanaume 7,540, uliochapishwa mwaka 2017, haukuona vitamini E wala seleniamu (aina ya madini ya lishe) ikizuia ugonjwa wa kusahau. Tena vitamini E kwa dozi kubwa huweza kuongeza hatari ya kutokwa damu kwa anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda.

Kabla ya yote, apimwe shinikizo la damu na vitamini B12, kwa sababu usahaulifu unaotokana na upungufu wa B12 mara nyingine hutibika.