Kabla hujasema wamekata tamaa, waulize "Mambo?"

Mwaka wa tatu sasa naendesha grupu la WhatsApp la watu wenye presha, wengi wakina mama wa Mbagala na Chamazi, na kila wiki lazima nipate meseji ya mtu kaanzisha la kwake anauliza swali lile lile: dada, watu wangu wamenyamaza, nifanyeje? Mmoja ana la kisukari, mwingine la kupunguza uzito, juzi kaka mmoja ana la kuacha sigara. Nimeona niandike hapa mara moja, na naandika kwa uchungu, maana walioninyamazia mwaka wa kwanza wengine sijawapata tena mpaka leo.

Wiki ya kwanza ni raha tupu. Watu wanatuma picha za sahani zao mchicha umejaa, mtu anaamka saa 11 alfajiri kutembea anapiga picha raba zake zina vumbi, stika za makofi mpaka simu inaganda. Wiki ya tatu unaandika "habari za asubuhi wapendwa" unaona tiki za bluu tu. Wiki ya sita wa kwanza kalefti, na akishalefti mmoja wengine wanafuata. Sio kwako peke yako. Mtafiti Gunther Eysenbach aliandika mwaka 2005 kwamba watu kuachia njiani ni jambo la kawaida kabisa kwenye programu za afya za mtandaoni, hata akaliita sheria, na hoja yake ni kwamba usiwahesabu waliobaki ukafurahi, chunguza walioondoka wameondokea wapi na kwa nini. Mimi sikuchunguza. Mimi niliongeza masomo.

Yaani kila siku saa 12 asubuhi bango, mchana ujumbe mrefu kuhusu chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, usiku video ya daktari. Na Jumapili kila mtu apost namba zake za presha grupuni, nikiamini watatiana moyo.

Sasa kulikuwa na mama mmoja anauza vitumbua karibu na kituo cha daladala, huyu ndiye alikuwa roho ya grupu, voisi zake za asubuhi watu walikuwa wanazisubiri. Akapotea mwezi mzima. Moyoni nikasema keshachoka. Siku moja nikapita kijiweni kwake, nikamwamkia, akaitikia marahaba huku anageuza vitumbua haniangalii, alafu akasema, "Mwanangu, nimekukimbia." Akafuta mkono kwenye khanga akanipa simu yake. Kioo kimepasuka kona, na juu imeandika nafasi imejaa. Nikafungua: video za grupu langu, moja baada ya nyingine, zimejishusha zenyewe zimekula bando la wiki ambalo mwanae alimuunga. Hiyo peke yake ilitosha kunivunja moyo. Ila akaendelea: "Alafu nilipima nikakuta 178 kwa 104. Wenzangu Jumapili wanaandika 130, wanaandika 125. Mimi niandike nini pale?"

Na 178 kwa 104 ndio namba iliyotakiwa kunifikia mimi siku ile ile! Yule mwenye shida kubwa kuliko wote ndiye niliyemfanya ajifiche. Tangu siku hiyo nikikuta mtu amenyamaza siwazi kwanza kwamba amekuwa mvivu, nawaza ana kitu anashindwa kukisema mbele za watu.

Kwahiyo namba zote sa hivi zinakuja inbox kwangu, grupuni hakuna namba, hakuna kushindanisha nani kashuka zaidi. Na kama jambo lenu ni la siri zaidi, tuseme dawa za ARV au pombe, msitumie grupu kabisa, maana kwenye grupu kila mtu anaiona namba ya mwenzie na mtaa wetu unajuana. Tumia ile orodha ya kutuma ujumbe kwa wengi, kila mmoja anapokea kivyake, sema tu lazima awe ameisevu namba yako la sivyo hapati kitu. Video nimeacha, kama ipo ya lazima nasema ipo, anayeitaka aniombe. Maandishi mistari mitatu, au voisi ya dakika moja kwa wale ambao kusoma ni kazi.

Lakini kilichoturudisha hasa ni swali. Wakenya walifanya utafiti ulitoka mwaka 2010 kwenye jarida la Lancet, watu 538 walioanza ARV, nusu yao hivi kila Jumatatu nesi anawatumia SMS ya neno moja: "Mambo?" Basi. Mtu ana siku mbili ajibu "sawa" au "shida". Akijibu shida anapigiwa simu, asipojibu pia anapigiwa. Waliokuwa wanatumiwa, asilimia 62 walimeza dawa vizuri, wasiotumiwa ni asilimia 50. Hebu angalia meseji yenyewe, haikuwa na somo hata moja wala neno dawa halimo, hata mwenzio akichungulia simu yako anaona salamu tu. Mtu alipata uhakika kwamba akisema shida kuna sauti itakuja upande wa pili.

Alafu kuna mwingine wa huko huko Kenya, ulitoka 2011, wakalinganisha meseji za kila siku na za kila wiki kwa watu wa ARV wiki 48. Za kila wiki zikasaidia, asilimia 53 wakafikia kiwango cha kumeza dawa vizuri dhidi ya 40 ya wasiopata kitu, za kila siku hazikusaidia. Nilivyosoma hiyo nikakumbuka mabango yangu ya saa 12 asubuhi. Meseji ya kila siku inageuka kelele, mtu anaizoea kama anavyoizoea adhana ya saa ya ukutani, hafungui.

Kwahiyo kwetu ni Jumatatu, inbox, mmoja mmoja, "Mambo mama? Wiki imekuwaje, sawa au shida?" Kazi ipo, sikudanganyi, ndio maana nina wakina mama watatu wa humo humo kwenye grupu kila mmoja ana watu wake kumi, na nimegundua wanajibiwa haraka kuliko mimi. Ila usiulize kama huna wa kupiga simu. Mtu akikujibu shida ukamtumia emoji ya kulia, hatakujibu tena, na ana haki.

Wanaorudi pia. Hapa naomba mnisikilize. Mtu kapotea wiki nne kaibuka, usimwandikie "ulikuwa wapi siku zote" hata kwa utani. Mwandikie tulipo: karibu mama, leo tunaongelea papa mkavu, wewe unamloweka au? Akaungana na maongezi, imeisha hiyo. Na ile habari kwamba ukifanya jambo jipya siku 21 unakuwa umelizoea, futeni kwenye mabango yenu. Kuna watu Uingereza walifuatiliwa, matokeo yakatoka 2010, kuzoea kulichukua wastani wa siku 66, wa haraka siku 18, kwa wengine makadirio yakafika 254, na kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Ukimwambia mtu siku 21, siku ya 22 akiwa bado anatamani chumvi anajiona yeye ndio mbovu.

Kalenda ya watu nayo uijue. Ramadhani ya kwanza meseji zangu za asubuhi zilikuwa zinawakuta watu wametoka kula daku wamelala. Sasa mwezi ule natuma baada ya tarawehe, na wiki mbili kabla nawaambia wote wanaofunga waende kliniki wakapangiwe upya muda wa vidonge, wasijipangie wenyewe.

Na wauzaji. Kila grupu la afya likifika watu hamsini anaingia mtu na unga wake wa kushusha presha, acha vidonge tumia hiki. Huyo namtoa dakika ile ile na nawapigia simu niliowaona wameanza kumuuliza bei. Kwenye hili sina upole.

Mama wa vitumbua alirudi. Akanigomea maneno yangu mawili, akasema maisha hayako sawa au shida tu, akaleta la kwake, "shida nusu", na sasa grupu zima linalitumia. Jumatatu iliyopita saa 3 usiku kaandika hivyo. Nikampigia. Vidonge vimeisha tangu Ijumaa, hela ya upatu anapata Jumatano. Tukakubaliana nimpitie asubuhi twende dirisha la dawa pamoja, na nilipofika kijiweni alikuwa keshafunika karai ananisubiri.