Tatuu, chale au nembo? Na aliyeichora tumwite nani?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ninaandika habari katika gazeti dogo la mtandaoni hapa Tanga. Wiki iliyopita niliandika hivi: “Msanii huyo wa tatuu alichora mgongo mzima wa mteja wake kwa siku nne.” Mhariri akafuta “msanii wa tatuu”, akaweka “mpiga chale”. Hoja yake ni kwamba sanaa ni muziki, maigizo na picha za kuchora, kutoboa ngozi za watu hakumo. Tena “tatuu” ni neno la kigeni ilhali Kiswahili kina chale. Nani kati yetu amepatia?

JIBU: Marahaba. Nitaanza na chale, maana hapo kosa la mhariri wako liko wazi kabisa.

Chale ni mkato. Wembe unapita, damu inatoka, mara nyingi dawa inasuguliwa mle ndani, kidonda kinapona na kovu linabaki. Kitenzi chake ni chanja, hicho hicho tunachokitumia kwa kuni, na ndicho kilichozaa chanjo ya surua. Wazee walikuwa pia na udugu wa kuchanjiana, watu wawili wasiozaliwa pamoja wakawa ndugu kwa damu. Katika yote hayo hakuna anayeuliza kama chale zimependeza. Aliyechanjwa kwa ajili ya maumivu ya mgongo huulizwa kama amepata nafuu. Tatuu ni sindano inayoingiza wino ndani ya ngozi kusudi mchoro ukae na uonekane. Ukimwita mwenye kazi hiyo “mpiga chale”, msomaji atamwona mganga mwenye wembe na unga wa dawa, na habari itakuwa imempeleka kusiko.

Kuhusu ugeni, ni kweli tatuu imetoka mbali. Mwaka 1769 meli ya nahodha James Cook ilitia nanga Tahiti, kisiwa cha Bahari ya Pasifiki, Waingereza wakalisikia neno tatau, wakarudi nalo kwao, nasi tukalipokea kupitia Kiingereza. Lakini sanaa nayo ni neno la kukopa, limetoka Kiarabu. Mhariri hawezi kulifukuza moja kwa ugeni huku analilinda jingine.

Ila kama anatafuta neno la zamani, lipo, na nashangaa hakulitaja: nembo. Leo ukisema nembo watu wanaiona ile ya Taifa yenye mwenge, shoka na jembe, au alama ya kampuni. Zamani nembo ilikuwa alama ya ukoo au kabila iliyotiwa mwilini, na kamusi za kale zinaieleza hivyo. Wamakonde, huku Newala na kule Mueda ng’ambo ya Ruvuma, bado wanaziita dinembo zile alama za usoni na kifuani. Zilichanjwa kwa kisu kidogo, kisha weusi wa mkaa ukasuguliwa kwenye mikato hadi ngozi ikashika rangi. Kwa maneno mengine, chale na tatuu zilikutana katika kazi moja, kwa mistari na pembe zilizopangwa kwa makini.

Wachongaji wa Kimakonde walipotengeneza barakoa za ngoma ya mapiko, walibandika vipande vya nta ya nyuki usoni mwa barakoa ili kuzionyesha dinembo hizo. Barakoa zile sasa zimo katika makumbusho mengi duniani, na kila mtu anaziita sanaa bila ubishi. Hebu muulize mhariri wako: mchoro ukiwa wa nta ni sanaa, ukiwa katika shavu la bibi ambaye barakoa ilimuiga unageuka kuwa kutoboa ngozi tu? Tena nyumbani kwenu Tanga, mchora hina wa Ngamiani anampamba bibi harusi kwa piko na hina, maua yakapanda kutoka vidoleni hadi kiwiko. Sidhani kama kuna mtu atamnyima sanaa huyo mama. Naye anachora juu ya ngozi ya mtu.

Sasa neno lenyewe. Katika Kiarabu, shina la sanaa linahusu kutengeneza kitu kwa mikono na kwa ujuzi, na lilipoingia Kiswahili lilikuja na maana hiyo: kazi ya sonara, ya mchonga milango, ya mshona kofia. Muziki na maigizo vimelikuta neno likiwa na wenyewe. Siku hizi msanii ukimtaja bila kuongeza kitu, wengi hufikiri mwimbaji, na pengine ndicho kilichomchanganya mhariri. Kwa hiyo naam, tatuu ni sanaa kwa maana ya ndani kabisa ya neno hili. Kuna anayenakili herufi vibaya na kuna anayejua mstari ukipita juu ya bega utajikunja vipi mkono ukiinuliwa, lakini tofauti hiyo ipo kwa waimbaji vilevile.

Usisome humo zaidi ya nilichosema. Kuiita kazi sanaa hakuipi ruhusa ya dini wala ya mzazi. Hilo lina watu wake wa kuuliza.

Jina la mtendaji ndilo lililonipendeza zaidi katika swali lako. Wamakonde humwita mwenye kazi hii mpundi wa dinembo, na mpundi huyo ni ndugu wa fundi wetu. Wasamoa, wa visiwa vya Pasifiki vilevile, ambao neno tatau ni lao pia, humwita tufuga, jina wanalompa hata mjenzi wa nyumba. Watu walioishi na kazi hii kwa vizazi, kila mmoja upande wake wa dunia, walimpa jina la fundi, na kwao lilikuwa jina la heshima kubwa. Kwa hiyo ukiandika fundi wa tatuu hujamshusha mtu. Ukiandika msanii wa tatuu, nayo ni sawa.

Ukitaka neno lisiloegemea popote, andika mchora tatuu. Angalia, si “mchoraji tatuu”. Jina la mtenda likifuatwa moja kwa moja na kinachotendwa, -ji huanguka: mpiga picha, mcheza ngoma, mfua chuma. Likisimama peke yake -ji hurudi: mchoraji, mchezaji.

Na tukiwa hapo, sentensi kama “amejichora tatuu mgongoni” huwachukiza baadhi ya wahariri, wakiuliza mtu anaufikiaje mgongo wake. Waache wasemaji. Dada aliyetoka saluni husema “nimesuka” na msusi ni mwingine. Lakini habari yako inamhusu fundi, basi mpe kitenzi chake. Mwambie mhariri airudishe hivi: “Mchora tatuu huyo alimchora mteja wake mgongo mzima kwa siku nne.”