Jibu: Umeme baada ya mwaka wa nane, je, chuo kikuu kinafungwa?

Jambo mama. Unauliza kama mwanao, aliyemaliza mwaka wa nane hapa Lubumbashi, Kongo, akichukua masomo ya umeme hataingia chuo kikuu, kama shemeji yako anavyosema. Ataingia, mradi asome humanite (sekondari ya juu) za ufundi za miaka 4. Mwisho wake ni Exetat, yaani mtihani wa serikali, na diploma ya serikali, sawa na wenzake wa sayansi au pedagojia. Kinachochanganya watu ni masomo mafupi ya ufundi, ambayo hayafikishi kwenye diploma hiyo. Kwa hiyo muulize prefe (mkuu wa shule) kwanza: ni yapi kati ya haya mawili? Na barua ya idhini ya serikali uione ya opsyo (mchepuo) ya umeme yenyewe, siyo ya shule tu.

Halafu omba kuingia atelye (karakana) siku ya masomo. Mimi huangalia vumbi juu ya mashine: likijaa, hazitumiki. Nilipomtafutia mdogo wangu nafasi, shule moja ilikuwa na mota moja pembeni, imefunikwa gunia, wanafunzi wanaichora daftarini. Tuliondoka. Exetat ya ufundi ina mtihani wa vitendo, na mchoro hauwashi taa.

INPP, taasisi ya serikali ya mafunzo ya kazi, ni nzuri kwa kujifunza kazi, ila haichukui nafasi ya diploma. Mpeleke baadaye.